Hotuba ya Bingwa wa Shingo

Mabibi na mabwana wa Kipevu, pandisheni simu zenu zifike usawa wa macho, kwa maana Bingwa wa Shingo amewasili! Shahada aliipata papa hapa barazani, kwa kuwatazama wapita njia wa Changamwe wakitanguliza vichwa, miili ikifuata. Mtihani aliutunga mwenyewe, akausahihisha mwenyewe, akaibuka wa kwanza.

Bingwa huanza na hesabu. Kichwa cha mtu mzima kikisimama wima kina kilo 5 hivi. Mwaka 2014 Kenneth Hansraj, daktari wa upasuaji wa mgongo huko New York, alikadiria kwamba kikiinama nyuzi 60, shingo hubeba mzigo wa kilo 27. Zaidi ya nusu mfuko wa saruji! Hayo ni makadirio ya kompyuta, na wako wengi wenye vichwa vilivyotangulia mbele wasioumwa popote, lakini Bingwa hapendi kukatizwa.

Simu si mkosaji pekee. Katika kituo cha pili cha makontena, kilichofunguliwa hapa Kipevu mwaka 2016, dereva wa winchi huketi juu angani, kioo chini ya miguu, akiinamia meli saa baada ya saa. Shingo ya namna hiyo haihitaji kukemewa. Inahitaji mapumziko na mazoezi.

Tiba yenyewe humhuzunisha Bingwa, maana haina madoido. Vuta kidevu nyuma bila kuinamisha uso, shikilia sekunde 5, achia, rudia mara 10. Nyoosha misuli ya kifua, imarisha ya mgongoni kati ya mabega. Fizio, yaani mtaalamu wa fiziotherapia, huongeza kukanda na kulegeza viungo kwa mikono, kisha humfundisha mgonjwa kuitumia misuli ya ndani ya shingo. Mikono bila mazoezi ni nafuu ya muda.

Bingwa angependa zaidi mtindo wa kinyozi: kidevu mkono huu, kisogo mkono ule, halafu ka! Ila kuzungusha shingo ghafla kunaweza, kwa nadra, kuchana mshipa upelekao damu ubongoni, na kiharusi kikafuata.

Ganzi mkononi, vidole kuishiwa nguvu, au maumivu baada ya kuanguka na bodaboda: nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Na kila fizio aulizwe usajili wake katika baraza lililoundwa kwa Sheria ya Wanafiziotherapia ya 2014. Bingwa msimwulize, hayumo.