Pedi, Kipanya na Mbu wa Sinza

Mimi ni mwoga. Nalisema mwenyewe mapema kwa sababu mpwa wangu ameshalitangaza mtaa mzima. Ila ni mwoga mpenda magemu ya kutisha, kama mgonjwa wa vidonda vya tumbo asiyetaka kuachana na pilipili mbuzi.

Kwa muda mrefu niliamini tatizo si mimi, ni kifaa. Nilianzia kwenye kompyuta na Amnesia: The Dark Descent, gemu ya Wasweden ya mwaka 2010. Humo huna panga wala bunduki. Ukiona zimwi, kimbia ukajifiche. Na mlango haufunguki kwa kubonyeza tu. Unashikilia kitufe cha kipanya, kisha unauvuta au kuusukuma kwa mkono, kama mlango wa kweli. Kwa mtu mtulivu, ufundi mzuri kabisa. Mimi, zimwi likiwa mgongoni, nilivuta mlango wa kusukuma. Kipanya kikafika mwisho wa meza, kikaendelea na safari, kikakumba kikombe cha chai ya maziwa. Kibodi ikanywa yote. Mpaka leo herufi M hutoka inapojisikia, na bosi wangu, apendaye kuandikiwa Mheshimiwa, kwenye barua zangu ni Heshiiwa.

Nikahamia PlayStation 4 ya mtumba, na pedi yake ya mtumba. Muuzaji wa Kariakoo aliniapia kwamba ilikuwa ya mtoto wa mchungaji, tena akicheza Jumapili tu baada ya ibada. Hakunitajia kuwa analogi ya kushoto inajivuta yenyewe. Kwenye gemu ya mpira hiyo ni kero ndogo, beki anazurura pembeni. Kwenye Alien: Isolation ni msiba. Humo unazunguka ndani ya kituo cha angani na dubwana lisilokufa kwa risasi, na salama yako ni kujibanza na kutulia. Mimi nikishajibanza nyuma ya meza, mhusika wangu anachomoka mwenyewe, taratibu, kwa mwendo wa bibi harusi, kulifuata.

“Anko, nunua pedi mpya,” mpwa akasema.

Nikanunua, na risiti juu. Na kwa kuwa mfuko ulishafunguka, nikaongeza kamera. Hapo ndipo nilipojitafutia. Gemu hiyo ya dubwana, iliyotoka mwaka 2014, ina mpangilio wa kusikiliza sauti za chumbani kwako kupitia kamera. Ukipiga kelele wewe, dubwana linasikia. Waliolibuni jambo hili wako Uingereza, na nahisi wanaishi kwenye nyumba zenye kimya. Mimi naishi Sinza. Saa tatu usiku nimo kabatini, pumzi nimeibana, muuza kahawa akapita dirishani akigonganisha vikombe vyake. Dubwana likageuka. Nimewahi kuuawa na kahawa ambayo hata sikuionja.

Siku ya pili mlango ukagongwa. “Hodi!” Mama mwenye nyumba, tarehe tano, kodi. Nikaitikia “Karibu, mama,” kwa adabu zote nilizolelewa nazo. Karibu hiyo ndiyo iliyoniua.

Kamera nikaizima, nikaenda kwenye Until Dawn ya mwaka 2015. Vijana wanane wako kwenye mlima wenye theluji, uamuzi wako unaokoa au unaua, na aliyekufa hafufuki kwa sababu gemu inajihifadhi yenyewe. Pedi nayo ina kitu ndani kinachohisi mwendo wa mkono. Mazimwi ya mlimani hayaoni kisichosogea, kwa hiyo linakuja agizo: usitikisike. Basi unaishika pedi kama unayempelekea mama mkwe bakuli la uji lililojaa pomoni.

Kila mjanja anajua dawa: iweke mezani. Lakini meza yangu ndiyo inayobeba feni, na feni yangu inatetemeka kuliko mimi. Nikazima feni, nikashika kwa mikono.

Tukafika mwishoni. Msichana anayeitwa Sam amesimama, zimwi pua kwa pua naye. Mikono yangu ilikuwa nguzo, nasema kweli. Kumbe kwa kuzima feni nilikuwa nimemfungulia mtu njia. Mbu akatua kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Hakuwa na haraka. Akatembea kidogo, akakagua, akachagua mahali. Zimwi linamtazama Sam, mimi namtazama mbu, mpwa ananitazama mimi.

“Anko, vumilia,” akanong'ona.

Nilivumilia mpaka alipochoma.

Mbu nilimpata. Sam hatunaye. Kati ya wale wanane, walioona alfajiri ni wawili, na tangu siku hiyo nachezea ndani ya chandarua.