Sifa za Mheshimiwa Kinyesi

Marais husifiwa hata kabla hawajafanya lolote. Wa kumsifu Kinyesi hajatokea, labda kwa kuwa watu husoma huku wanakula. Basi leo namsifu mimi, na mwenye sahani aisogeze kando.

Nani mkarimu kama yeye? Makaa hungoja mti uangushwe, gesi hungoja meli itie nanga Mombasa. Yeye huja asubuhi bila kuitwa, kwa tajiri na kwa maskini, wala hagomi ila tumbo likifunga.

Unyenyekevu ndio usiseme. Kule Nakuru, ambako nyumba nyingi hazijafikiwa na mabomba ya majitaka, hukaa shimoni miaka na mikaka bila kulalamika, mpaka lori lije kumnyonya. Kampuni ya maji ya mji ndiyo iliyomtambua. Humwanika akakauka, humtoa chupa, matambara na siri nyingine ambazo wenye nyumba walidhani wamezizika, kisha humchoma kwenye tanuru lenye hewa haba, kwa moto wa nyuzi joto mia kadhaa. Harufu na vijidudu hukomea humo. Akitoka husagwa, akachanganywa na vumbi la mbao lililochomwa vilevile, kwa sababu peke yake ana majivu mengi (dosari hii naitaja kwa shingo upande), akatiwa molasi ya kumshikamanisha na kuviringishwa kuwa madonge. Jina la kiwandani ni Makaa Dotcom. Kwani ni wangapi mjini waliofanikiwa wakabaki na jina la kijijini?

Februari 2018 serikali ya Kenya ilipositisha ukataji miti katika misitu ya umma, gunia la makaa likapanda bei, na pua za watu zikapungua maringo.

Hata hivyo mteja mgeni hujulikana. Hushika donge kwa vidole viwili, hulinusa, huligeuza, hulinusa tena, kisha hukunja uso kama askari aliyekosa ushahidi. Swali lake ni moja: chai haitanuka? Hainuki, mama. Donge linawaka taratibu, moshi wake haba, na maharagwe yanaiva hadi ya mwisho. Tena wewe kula ushibe, usione haya kuongeza. Hiyo githeri iliyo jikoni ni malipo ya awali ya makaa ya mwezi ujao.