Mama Mkwe, Sabuni na Watoto wa Kambale

Kambale mkubwa hababaishwi na shida. Mtoe majini, mfunge kwenye gunia bichi, mpakie bodaboda hadi sokoni. Ukifungua gunia anakukodolea macho kana kwamba wewe ndiye uliyechelewa. Hewa ya juu anaivuta, tope analimudu. Lakini mtazame akiwa na siku mbili: kijiuzi cha milimita saba hivi, kichwa na kitumbo cha kiini cha yai, basi. Na kinachomuua ni vitu vya heshima tupu: maji ya bomba yenye klorini, sabuni, mkono wa mtu mwema. Kwa hiyo hapa kwetu Morogoro, adui wa tangi la watoto hawa si paka. Ni wageni wasafi.

Uchafu upo, sikatai. Mayai yasiyoanguliwa hugeuka meupe na kuota ukungu, na ukungu ukishakolea hauchagui yai bovu na zima. Siku ya tatu hivi kiini kinakwisha, watoto wanaanza kulishwa, na makombo yanayozama huoza na kutoa amonia. Lazima kusafisha kila siku, ila kwa kunyata. Unafunika nusu ya tangi kwa nailoni nyeusi, unasubiri. Kambale wachanga hukimbia mwanga. Wakishajazana gizani, upande wa pili zinabaki taka peke yake. Unazima pampu ya hewa kidogo ili taka zitulie, unashusha mpira mwembamba uliofungwa kwenye kijiti, na maji yanashukia kwenye beseni jeupe ili mtoro yeyote aonekane.

Mpira huo huanza kwa kunyonywa. Mpwa wangu, ambaye ujuzi wake aliupata kwenye matangi ya pikipiki, alivuta kwa pumzi yake yote. Akapaliwa, macho yakamtoka. Wenye utu wangempa pole. Mimi nilimuuliza, "Umemeza wangapi?"

Jirani naye alichungulia ukutani, akaona vitu vinachezacheza majini, akaenda moja kwa moja kwa mjumbe: yule bwana anafuga mbu! Mjumbe akafika na dumu la dawa ya kuulia viluwiluwi. Nikamwonyesha kwamba viluwiluwi wa mbu huning'inia juujuu wapate kupumua, ilhali hawa wamelala chini, na wakikua, hao wa mbu watakuwa kitoweo chao. Akakubali, lakini dumu hakulitua mpaka alipoondoka.

Kisha akaja mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hili tangi mbona lina utelezi hivi?"

Niliingia ndani kumwekea kuku aliokuja nao. Kutoka, ameshajifunga kanga kiunoni. Mkono mmoja sabuni ya unga, mwingine ndoo ya maji ya bomba. Sasa mama mkwe hashikwi mkono, wala hafokewi. Nikajipenyeza kati yake na tangi.

"Mama, humu mna watoto."

"Watoto gani? Mbona siwaoni?"

Nikamkabidhi tochi. Akamulika chini ya nailoni, umati wote ukatimuka kwenda kona nyingine.

"Maskini wee, wameniogopa!" Sabuni ikashuka yenyewe.

Nikamweleza kwamba maji yao hulala kwanza kwenye jaba lililo wazi, klorini itoke, ndipo yaongezwe kidogokidogo. Nikampa kijiko na lile beseni. Jicho lililochambua mchele miaka yote hiyo halipitwi na mtoto wa kambale. Kila mtoro alirudishwa kwao akiwa hai, na sisi tukakatazwa kusema kwa sauti.

Likabaki chujio la bomba la kutolea maji, wavu wa matundu madogo ambao usipousugua huziba, tangi likafurika na watoto wakamwagika nalo. Linahitaji brashi laini. Mpwa wangu akakimbilia ndani, akarudi na mswaki. Ulinukia mnanaa kidogo, tukausuuza sana. Mama mkwe, bila kuinua uso kutoka kwenye beseni, akamsifu: "Huyu kijana ana akili."

Baada ya chakula cha jioni tukamsikia bafuni akimwita binti yake, akiulizia mswaki wake wa kijani. Mpwa wangu akakumbuka kwamba pikipiki ina pancha.