Mapera na Wenyeji Wake

Hapa Goma, mtu hanunui pera mpaka aliminye, alinuse na kulitazama huku na huku kama daktari. Ukifika nyumbani ukalipasua, mwenyewe yumo ndani: mweupe, mnono, hana habari na wewe.

Pale Kituku, mitumbwi inaposhusha mananasi ya Idjwi, nilimpelekea mama muuzaji malalamiko yangu, pera mkononi. Hakuinua hata kichwa. "Papa, kama iko na mududu, njo kusema haina dawa. Pera njo nakuuzisha. Mududu ni nyongeza."

Utabishana na nani? Nzi wa matunda hutoboa ganda tunda linapoanza kuiva, akataga ndani, na tundu lenyewe ni dogo mno hata macho ya mama mkwe hayalioni. Mmoja wa nzi hao ametoka Asia. Alionekana Kenya mwaka 2003, kisha akasambaa nchi baada ya nchi, wakati sisi kuvuka tu mpaka wa Petite Barrière kwenda Gisenyi tunadaiwa karatasi. Huko Kenya aliharibu maembe hata mwaka 2014 Wakenya wakasitisha wenyewe kuyapeleka Ulaya.

Buu lake likishiba hutoka kwenye tunda litafute udongo, lijifukie, lije kuwa nzi. Miguu halina. Basi hujikunja mpaka mdomo ukashika mkia, likajikaza, likajiachia: pwa! Sentimita kadhaa hewani. Mashambani Masisi litaangukia udongo laini. Mtaani kwetu litagonga jiwe la volkano ya Nyiragongo la mwaka 2002, na kama si hilo, basi lile la Mei 2021.

Mambo haya niliyajua siku mama mkwe alipotoka Bukavu kuja kutusalimu. Mke wangu alipanga mapera kwenye sahani ya wageni, yamekatwa vipande vinne vinne. Mama alikuwa katikati ya dua ya chakula, macho ameyafumba. Mimi yangu yalikuwa wazi, ndiyo maana nilimwona bwana mdogo akijikunja. Akaruka, akatua kwenye kitambaa cha meza, akajikunja tena, akaruka tena, uso ameuelekeza kwa mgeni. "Amina" na mruko wa tatu vilikwenda pamoja, na bwana mdogo akatua kwenye kitenge cha mama.

Mtoto wetu mdogo akapiga makofi.

Mama mkwe alimtazama yule mdudu, akanitazama na mimi. "Kumbe ninyi watu wa Goma," akasema taratibu, "hata mududu wenu amezoea kukimbia." Akamkung'uta, akachukua kipande kingine, akakigeuza pande zote, akala.

Tangu siku hiyo nyumbani wanaloweka mapera kwenye maji ya chumvi. Chumvi inamsumbua aliye juu tu. Aliyejifungia katikati anaendelea na mlo wake. Hata dawa ya kusafisha maji wanayotia kwenye bidoni zetu kando ya ziwa haimfikii. Ila dawa ile haikuwekwa kwa ajili yake. Ni kwa ajili ya vijidudu visivyoonekana: kipindupindu cha mwaka 1994 kiliua maelfu ya wakimbizi hapa Goma, na hakuna aliyekiona kikiruka mezani. Huyu anayetupigisha kelele, ukimmeza, kwa kawaida tumbo linamsaga kama nyama nyingine.

Wamarekani wao wamekwisha kukubali yaishe. Mwongozo wao wa juisi ya nyanya huanza kulalamika mabuu yakifika mawili kwa wastani katika gramu 100. Likiwa moja, peke yake, linanyweka.

Kwa hiyo nunueni mapera, ndugu zangu, na myaoshe kwa maji yenye dawa. Lakini mkwe akija, mpeni ndizi.