Fulana Mpya, Mtaro Uleule

Vijana wa kanisa wakija kujitolea kusafisha mtaro wa soko la Custom, hapa Juba, fulana hutangulia, bango hufuata, fagio huja mwisho, tena moja, linalopokezwa kila mtu apate picha yake. Mama muuza chai, anayefagia hapo kila alfajiri bila kamati wala sala ya ufunguzi, huombwa asogee: anaharibu picha.

Februari 2023, Papa Fransisko alipozuru Juba, vijana wa Rumbek walikuja kwa miguu siku kadhaa, askofu wao Christian Carlassare akiwa nao. Hawa wetu, kutoka mtaa wa Kator tu, humu humu Juba, wanadai nauli ya boda na soda baridi.

Chupa za plastiki bado zimejaa mtaroni. Ndugu mratibu, safari ijayo punguza fulana, nunua makoleo.