Nilihamia kwa Watu

Mama watoto ndiye aliyeanzisha. Tulikuwa tumekaa miaka sita kule nyuma ya Rongai, ambako Wanairobi hupaita ughaibuni kwa utani, na utani wenyewe si wa bure: ukipanda matatu ya 125 jioni, unashuka ukiwa umezeeka kidogo. Lakini nyumba ilikuwa nzuri, na kimya chake kilikuwa cha kulipia. Jirani wa kushoto nilimjua kwa mbwa wake, wa kulia kwa mlio wa geti lake. Nilikuwa nimetosheka kabisa.

Siku moja kitinda mimba wetu akaambiwa shuleni ataje majirani. Akataja mbwa.

Mama watoto aliposikia hivyo akaweka mwiko chini. "Baba, tunarudi kwa watu."

Watu? Mimi nimetoka kwa watu! Nimezaliwa Kibera, upande wa Makina. Mtaa huo ulianza kama makao ya askari Wanubi wa jeshi la Mwingereza, mwanzoni mwa karne iliyopita, nao wakauita Kibra, yaani msitu. Msitu wa miti uliisha, ukamea msitu wa masikio. Ukuta wa mabati hauna siri. Nilikuwa nikipiga chafya, jirani wa nyumba ya tatu ananijibu "Afya!" na wa nne anauliza kama nimekunywa dawa. Ugomvi wetu wa ndani ulikuwa na waamuzi kabla haujafika katikati. Kitu pekee kilichotusitiri ni treni. Ikipita, mtu na mkewe waliweza kusemezana mambo yao kwa haraka.

Julai 2018 tingatinga zikaja kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Ukuta wetu ulikuwa na alama ya X nyekundu. Tukafungasha. Nilihuzunika kama wenzangu, walahi nilihuzunika, lakini moyoni, Mungu anisamehe, nilijiambia: angalau sasa nitapiga chafya peke yangu.

Na sasa narudishwa. Shemeji anakaa Gatina, ndiye aliyeleta habari kwamba Kawangware kuna ploti "yenye watu wa maana." Mimi nilikuwa nimetazama ng'ambo kidogo, Lavington, ambako jirani na jirani wametenganishwa na nyaya za umeme juu ya ukuta na hakuna anayegombania kamba ya nguo. Mfuko ukakataa. Ukanishusha kwenye matatu ya 46, hadi Kawangware.

Pikapu iliposimama, ploti nzima ikatoka. Sikulipa mtu hata mmoja kubeba mizigo. Walibeba wote, na kila aliyebeba alikuwa na maoni. TV yetu ya kichogo ilipopita, kijana mmoja akauliza kwa adabu, "Hii ni ya wakati wa Moi, mzee?" Kufikia saa kumi jioni walivijua vyombo vyangu kunishinda, mimi niliarifiwa tu kwamba nina sufuria saba na kifuniko kimoja.

Kabla sijatundika pazia nikawa nimeingizwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha ploti. Mchango wa kwanza ulikuja usiku huohuo: matanga. Huku mtu hazikwi hivihivi Nairobi. Mwili lazima usafiri hadi Vihiga au Kakamega, na gari halinywi rambirambi. Nikatuma shilingi 200. Asubuhi orodha ikabandikwa kikundini, nami namba 31, mgeni wa ploti, 200, chini ya fundi viatu aliyetoa 500. Nikaongeza. Sikuona njia nyingine ya kwenda dukani.

Halafu kuna Nyumba Kumi, mpango tuliouazima Tanzania mwaka 2013 ili jirani amjue jirani. Kuazima si vibaya, ila hesabu ilituponyoka njiani. Ploti yetu ina milango 24, kwa hiyo nyumba kumi zangu zinaishia katikati ya ngazi. Mwenyekiti wetu hajali ngazi. Anajua saa ninayorudi, na nikichelewa anataka kujua jamu ilikuwa wapi.

Na maji! Saa nane usiku jirani anagonga mlango kama kuna moto. "Baba, maji yamekuja!" Nani alimwambia nilikuwa nikiyasubiri? Nilikuwa nikiyasubiri, ndiyo, mitungi yote mitupu, lakini nani alimwambia?

Watoto ndio wamepotea kabisa. Jioni nakuta watano mezani. Mimi nina watatu, na kati ya hao watano wa kwangu ni mmoja. Wengine wawili wako kwa mama wa mlango wa saba wanakula omena, omena ileile ambayo nyumbani waliapa hawaigusi. Kitinda mimba siku hizi anataja majirani mpaka unamwomba apumzike. Mama watoto ananitazama tu, hasemi kitu. Heri angesema.

Juzi nikapiga chafya. Kimya. Kuta za huku ni za mawe, nikakumbuka, nikafurahi. Nikangoja kidogo, sijui kwa nini nilingoja. Simu ikatetemeka: kikundi cha ploti, jumbe 14, zote "Afya."

Jumapili iliyopita chama cha ploti kilinichagua mweka hazina. Sikuwa hata mkutanoni. Nilikuwa juu ya paa na keateka, tunaziba tangi linalovuja. Niliposhuka kuuliza kwa nini mimi, mama wa mlango wa saba akanieleza kwamba wanachama wote wamenisikia nikilalamika kuhusu pesa, wakaona ninazijali.

Kikao kijacho ni Jumapili saa nane, nyumbani kwangu. Viti ninavyo vinne tu, kwa hiyo kila mtu aje na chake.