Sifa za Ganzi

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijamwona mgeni aliyeutendea haki msemo huo kama ganzi ya jino. Inaingia kwa ncha ya sindano, mwenyeji anapona, na daktari akishamaliza tu tunaanza kuikodolea saa macho: itaondoka lini hii? Siku hizi wapo hata wanaouliza kama hawawezi kuongeza hela kidogo ili iondoke mapema. Leo nimesimama kuitetea.

Tuanze na ukoo wake. Kabla ya ganzi, jino lilitoka kwa koleo, na vijana wawili wa kukushika kichwa. Wazee wa Kimaasai walioondolewa meno mawili ya mbele ya chini wangali watoto hawakuulizwa kama wangependa sindano kwanza. Mwaka 1884, mjini Vienna, Carl Koller alionyesha kwamba kokeini hulitia jicho ganzi, na kinywa kikafuata upesi. Lakini kokeini ni rafiki wa kukuingiza kwenye madeni. Mwaka 1943, Nils Löfgren akaitengeneza lidokeini huko Sweden. Ikaingia sokoni 1948, na mpaka leo ndiyo mtawala wa taya.

Sisi wa Arusha tuna sababu ya ziada ya kuiheshimu. Mlima Meru umetupa mvua, kahawa na ndizi, kisha ukatutoza ushuru kwenye meno. Maji yanayopita katika miamba yake ya volkano hubeba floridi nyingi, na mtoto anayeyanywa wakati meno yanajijenga hukua na meno ya kahawia. Yaliyoathirika sana huchimbika na kumeguka. Pale Ngurdoto wataalamu wamehangaika miaka na miaka kuyachuja maji hayo kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Tuliokulia upande wa Usa River na Maji ya Chai tulijifunza zamani kucheka midomo ikiwa imefungwa, kiganja mbele kama mlinzi wa geti. Ganzi ikija kuushika mdomo, inakuta nusu ya kazi imeshafanyika.

Sasa matendo yake. Jumamosi moja nilizibwa gego la chini, kushoto. Nikatoka nikiwa na nusu ya ulimi, nusu ya mdomo, na shavu ambalo ningeapa limekuwa la mtu mwingine. Nikapanda daladala ya barabara ya Moshi. Konda, chalii mwenye haraka zake, akaniuliza, "Faza, unashuka wapi?" Nikamjibu Kwa Mrefu. Kilichotoka kinywani kilikuwa "Kwa Nrehu". "Tengeru, sawa," akasema, akagonga bodi. Nilipojaribu kumsahihisha, abiria wawili walinisaidia kwa kumthibitishia kwamba ndiyo, mzee anakwenda Tengeru.

Basi nikafika Tengeru, siku ya soko. Mama mmoja alikuwa ameketi nyuma ya mikungu ya ndizi mshale, kanga ameitandaza magotini.

"Karibu baba, mkungu huu elfu kumi na tano."

Nilitaka kumuuliza kama ana mdogo zaidi. Nikaupima mdomo wangu, nikaona heri ninyamaze. Nikautazama tu mkungu.

"Basi toa kumi na tatu, maana wewe ndiye mteja wangu wa kwanza." Ilikuwa saa nane mchana.

Nikajipangusa mate kwa leso. Yeye akaona dharau. "Haya, kumi na moja! Mimi nitakula nini?"

Nzi akatua kwenye mdomo wangu. Mdomo haukuniarifu, nilimwona kwa jicho. Nikatikisa kichwa kumfukuza.

"Chukua kwa kumi, uende zako! Una roho ngumu wewe baba!"

Kwa miaka yote niliyobishana bei pale kwa ulimi mzima, sijawahi kushusha elfu tano. Ganzi ilifanya biashara hiyo bila kutamka neno.

Na huu ni mji wa mikutano. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao yake hapa, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu vilevile. Kila nikimsikiliza msemaji aliyepewa dakika tano akizitumia kama hamsini, huwa nawaza kwamba sindano moja tu ya taya la chini ingeokoa alasiri nzima.

Turudi kwa wale wa kuongeza hela. Dawa yao ipo kweli. Siri ya ganzi kukaa ni adrenalini iliyochanganywa ndani ya sindano: inabana mishipa ya damu, dawa inabaki pale ilipochomwa. Fentolamini hufanya kinyume: inaitanua mishipa, damu inapita na kuisomba dawa. Marekani iliidhinisha kwa kazi hiyo mwaka 2008 kwa jina la OraVerse, na katika majaribio mdomo wa chini uliokuwa ukirudiwa na hisia baada ya dakika kama 155 ulirudiwa baada ya 70. Lakini nayo ni sindano, tena hapo hapo ulipochomwa ile ya kwanza. Yaani umemlipia mgeni nauli ya kuja, halafu unakodi baunsa wa kumtoa. Unaokoa dakika 85. Mimi dakika kama hizo zilinipa elfu tano na mkungu wa mtori.

Sitamcheka kila anayelipa. Mtoto mdogo huutafuna mdomo wenye ganzi kama jojo, na jioni umevimba. Mgonjwa wa kisukari ana saa zake za kula. Mwongoza watalii anayesubiriwa na wageni sita garini hawezi kuwaeleza tembo kwa ishara. Hao daktari wao akiwa nayo, na mfuko ukiruhusu, walipe.

Sisi wengine tuache chai ya moto na nyama choma ipoe kwa wenzetu, mpaka tuuguse mdomo kwa kidole nao utambue umeguswa. Ikipita siku nzima bado umelala, hapo turudi kwa daktari. La sivyo, hakuna haja ya baunsa. Ganzi nimeilipia kuingia. Kutoka, inatoka bure.